Mtoto wa jirani hana sare wala daftari, mtaa wenu mnafanyaje? Tupeane uzoefu

Mleta uzi (Dodoma)
Wakuu, salaam. Ada ya shule za serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016 hadi kidato cha nne, na 2022 kidato cha tano na sita nao wakaingia. Lakini kila shule zikifunguliwa, mtaani kwetu kuna watoto wanabaki nyumbani wiki mbili tatu wenzao wako darasani. Kisa ni sare, viatu, daftari. Mtaa huo huo ukiwa na harusi, kamati inakaa kila Jumapili na kadi zinalipika. Sina ugomvi na harusi, pilau nakula kama kawaida. Nawaulizia wale ambao mtaani, kazini, msikitini au kanisani kwao wanachanga kwa ajili ya watoto bila kusubiri mfadhili: mnafanyaje hadi jambo lisife mwaka wa kwanza? Leteni uzoefu, nasaha tunazo nyingi. Majina na picha za watoto tuziache.

Mama Kikoba (Morogoro)
Sisi ni kikoba cha akina mama, wengi tunauza sokoni. Vikoba vingi vina mfuko wa jamii, ule wa misiba na ugonjwa. Sisi tukaongeza boksi la watoto: kila tukikutana mia tano ya kila mwanachama inaingia humo, na haikopeshwi hata mtu alie.

Ikifika Novemba tunanunua kitambaa jora zima, la bluu na la mashati. Fundi wa hapa hapa anatupunguzia kwa sababu msimu wake haujaanza. Ukisubiri Januari foleni ni ndefu na bei imepanda. Halafu, na hili ndilo ninalolisifia kikundi chetu, sare za watoto wetu sisi wenyewe zinatoka kwenye jora hilo hilo na zinachukuliwa siku hiyo hiyo kwa fundi. Huwezi kujua nani kalipiwa na nani kalipa mama yake. Kuna watu waliwahi kugawa mabegi yenye maandishi makubwa ya msaada, watoto wakawa wanayageuza ndani nje kabla ya kufika shule.

Mwalimu wa Darasa la Tatu (Singida)
Mimi niseme kuhusu chakula, maana ndipo umaskini ninapouona, saa nne asubuhi darasa likianza kusinzia.

Kwetu wazazi wanachangia mahindi na maharage baada ya mavuno. Zamani ilikuwa Januari, na Januari huku ghala ni tupu; ukimdai mzazi debe wakati huo unamdai kitu ambacho yeye mwenyewe ananunua kwa kilo. Kuhamisha mwezi tu kulibadilisha mambo kuliko vikao vyote vya uhamasishaji. Asiye na shamba analeta kuni au anapika kwa zamu, na jina lake linaandikwa kwenye daftari lile lile la waliotoa mahindi. Mtoto haondolewi kwenye foleni ya uji kwa sababu ya mzazi wake. Mvua zilipogoma, mwenye mashine ya kusaga alitusagia bure na wenye maduka pale senta wakatoa sukari. Hakuna aliyetoka nje ya kata.

Angalizo kwa mnaotaka kutoa hela: msimkabidhi mwalimu mkononi. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango shuleni, baadaye ikaelekezwa kuwa anayetaka kuchangia kwa hiari apitie kwa mkurugenzi wa halmashauri. Walimu wakuu wengi hofu ile hawajaisahau, na wana haki. Pitieni kamati ya shule na serikali ya kijiji, risiti ikatwe, hesabu ibandikwe ubaoni kila mtu asome.

Mjomba Mkali (Dar)
Yote sawa, ila baba wa huyo mtoto jioni yuko kilabuni. Mimi nikinunua daftari, yeye anaokoa hela ya gongo. Mnalea uvivu.

Mama Kikoba (Morogoro)
Kaka yangu, baba akinywa ndiyo mtoto asisome? Hatupeleki hela nyumbani. Tunampima mtoto, tunamshonea. Kaptula ya darasa la pili nani ataipokea kilabuni?

Dada wa Makaoni (Arusha)
Nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye makao ya watoto, jina niliache. Desemba na Ramadhani tulikuwa tunapokea wageni hadi tunawapangia saa. Keki, soda, mchele, picha za pamoja, dua, kwaheri. Februari simu hailii. Na Februari ndipo sabuni inaisha, mkaa umeisha, na mtoto mwenye pumu anahitaji dawa.

Wengi hamjui kwamba sehemu kubwa ya watoto tuliokuwa nao hawakuwa yatima wa kukosa mtu kabisa. Mmoja ana bibi, mwingine ana shangazi, mwingine mama yupo ila hana pa kulala na watoto. Afisa ustawi wa jamii alikuwa tayari kuwarudisha kwa ndugu, kinachokwamisha ni vitu vya kawaida sana: nauli ya kwenda kuikagua familia, godoro, mtaji mdogo wa bibi kuuza mboga. Kikundi kimoja cha kanisa kiliacha kuleta keki, kikaanza kumlipia bibi mmoja kodi ya chumba. Wajukuu zake wako naye hadi leo. Hakuna picha ya tukio hilo, labda ndiyo maana haliigwi.

Na makao kisheria yanatakiwa yawe na leseni, Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema hivyo. Ulizia leseni kabla hujapeleka hata kiberiti. Mwenye nayo hachukii kuulizwa.

Bint Unguja
Nimeipenda hiyo ya Februari. Huku watu wanatoa zaka yao, ile asilimia 2.5, karibu yote mwezi wa Ramadhani, basi familia inapata futari na nguo za Idi, baada ya hapo kimya. Sisi ndugu wa ukoo tulimuuliza sheikh wetu kama tunaweza kuitanguliza kidogo kidogo kwa mwezi, akaturuhusu. Tunawatizama watoto wa jamaa zetu wenyewe waliofiwa, daftari, nauli ya daladala na kadhalika. Kila mtu anamjua mtoto na mtoto anamjua ami yake.

Kijana wa Kijiweni (Mbeya)
Kijiweni kwetu ni bajaji. Kuna mtoto hatembei, shule yenye kitengo maalumu iko mbali, mama yake anauza ndizi hawezi nauli ya kwenda na kurudi. Tunampeleka kwa zamu, mafuta tunachanga kwenye ile hela ya kijiwe ya kila siku. Ni zaidi ya mwaka sasa. Hakuna kikao tulichoitisha, jamaa mmoja alianza, wengine tukaona aibu kumwachia peke yake.

Mleta uzi (Dodoma)
Kijana, hii nimeikamata. Kwetu yupo wa hivyo hivyo. Ila mama anamkabidhije mtoto kwa madereva asiowajua? Mliweka utaratibu gani?

Kijana wa Kijiweni (Mbeya)
Swali zuri mkuu. Tulikwenda na mjumbe nyumbani kwa mama, akachagua mwenyewe madereva watatu. Majina na namba za bajaji zipo kwake, kwa mjumbe na kwa mwalimu. Nje ya hao watatu hakuna anayembeba, hata awe mshikaji vipi. Asubuhi mama anampakia yeye, akifika anapokelewa na mwalimu wa kitengo, siyo kuachwa getini. Kiti mwendo chake kinabaki shuleni, maana kwenye bajaji kilikuwa kinakula nafasi na kuharibika. Ukianza, ongea na mwenyekiti wa kijiwe kwanza. Ukimshika dereva mmoja mmoja, siku akiugua mtoto anabaki nyumbani.