Mbwa anajilamba nyayo mpaka damu: apimwe aleji ya ngozi?

Mama Tabu, Bamburi
Hamjambo wapendwa. Jike langu Tabu ana miaka miwili. Tangu masika analamba nyayo mpaka manyoya meupe yamekuwa rangi ya kutu. Kwapa na tumbo ni vyekundu, masikio yananuka. Akidungwa stiroidi anatulia, halafu yale yale. Jirani anasema nimpeleke apimwe aleji kwenye ngozi. Mwenye uzoefu anisaidie, roho inaniuma kumsikia akijikuna usiku kucha.

Kijana wa Kisauni
Pole mama. Anza na viroboto. Huku pwani hawana msimu, na mbwa mwenye aleji ya mate yao akiumwa na wachache tu ni balaa. Mpekue kiunoni, karibu na mkia.

Mzee wa Likoni
Mwanangu, pole sana. Dume langu lilipitia hayo hayo, na kipimo alifanyiwa.

Alipewa dawa ya kumtuliza, akanyolewa ubavu, akachomwa visindano vidogo vya utitiri wa vumbi, chavua na ukungu, kila kimoja na alama yake ya kalamu. Baada ya dakika 15 hivi daktari alipitisha kidole akipima uvimbe, akilinganisha na ule wa histamini, kemikali inayovimbisha ngozi, na ule wa maji ya chumvi, yasiyotakiwa kuvimbisha. Utitiri ulivimba kuliko vyote, wala sikushangaa kwa unyevu wetu huu.

Lakini shika hili: kipimo hicho hakithibitishi ugonjwa. Hata mbwa mzima anaweza kuvimba. Daktari kwanza ahakikishe shida si viroboto, upele, fangasi wala chakula. Ndipo kipimo kimwonyeshe vya kutia kwenye sindano za kumzoesha mbwa vile vinavyomsumbua, ambazo huweza kuchukua mwaka mzima kuleta nafuu, na si kwa kila mbwa. Tena ile stiroidi inaficha majibu. Muulize daktari asubiri muda gani tangu sindano ya mwisho. Zile za kukaa mwilini ni wiki nyingi. Usimkatizie dawa mwenyewe.

Aleji ya chakula nayo haipimwi hivyo. Ni kumlisha nyama asiyowahi kuila, wiki 8, bila kingine.

Mama Tabu, Bamburi
Ahsante baba. Amezoea ugali na matumbo ya ng'ombe. Mbuzi je?

Mzee wa Likoni
Kama hajawahi kumwonja, sawa, na viazi vitamu. Mwambie daktari kwanza. Na watoto wasimtupie hata kipande cha mahamri.