Naomba ushauri: kiwanja changu cha kwanza Chanika, na mkopo unaingia Ijumaa

Muuguzi_wa_Zamu
Habari zenu wanajukwaa. Mimi ni mtumishi wa afya, nina miaka 31, nimepanga Ukonga, Dar es Salaam. Nimeamua kuanza uwekezaji wa ardhi na nyumba, nami sitaki kuanza vibaya. Nimepata kiwanja Chanika, mita za mraba 600, kimepimwa, kwa shilingi milioni 14. Saccos ya kazini imenikubalia mkopo wa milioni 20, na fedha zinaingia Ijumaa. Nia yangu ni kununua, kisha milioni 6 zitakazobaki zianze msingi wa vyumba vinne vya kupangisha. Swali langu ni moja tu: nijenge vyumba vya kawaida vyenye choo cha nje, au nijibane nijenge vyenye choo ndani, ambavyo naona wapangaji wa siku hizi wanavipendelea?

Fundi_Msingi
Choo ndani, dada, bila kusita. Mimi nina vyumba sita Gongo la Mboto, vitatu vya kila aina. Vile vya choo cha nje hukaa wazi hadi miezi miwili kila mpangaji anapohama, na ugomvi wa zamu ya usafi hauishi. Mwaka jana nililazimika kusuluhisha kesi ya ndoo saa nne za usiku. Ila kabla ya kuchimba shimo la maji machafu, chunguza udongo na mteremko, na uulize majirani maji ya mvua hupita wapi mwezi wa Aprili.

Hesabu_Kwanza
Naomba turudi nyuma kidogo. Mkopo wa milioni 20 wa miaka mitatu, kwa riba ya kawaida ya Saccos nyingi, utakukata karibu 690,000 kila mwezi. Vyumba vinne vya shilingi 60,000 vinaleta 240,000 iwapo vyote vimejaa, na vyako havijajengwa bado. Kwa milioni 6 utapata msingi na labda tofali za kuanzia, kisha ujenzi utasimama huku makato yakiendelea. Ningekuwa wewe ningekopa bei ya kiwanja peke yake, na fedha za kujengea ningeziweka kidogo kidogo kwenye Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, yaani mfuko wa uwekezaji wa pamoja, hadi zitoshe kupandisha jengo mara moja. Nyumba iliyokwama kwenye lenta haina mpangaji.

Muuguzi_wa_Zamu
Nashukuru, Hesabu_Kwanza, lakini makato nayamudu, kwa sababu nina posho za zamu za usiku na sina mtoto bado. Viwanja vya jirani vinauzwa milioni 20 hadi 22. Nikisubiri nikusanye fedha taratibu, bei hii sitaikuta tena.

Mzee_wa_Kimara
Binti yangu, habari hiyo ya bei ya chini ndiyo iliyonifanya niandike. Nilinunua eneo langu la kwanza kando ya Barabara ya Morogoro kwa bei iliyonifurahisha, nikaoneshwa mipaka kwa kidole, nikaamini. Mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya barabara kuanzia Kimara kuelekea Kibaha zilipovunjwa, sebule yangu na chumba cha watoto vilikuwa ndani ya alama. Hadi leo mke wangu hapiti upande ule bila kugeuza uso. Siku ile nilijifunza kwamba anayenunua ardhi anatakiwa kwenda na mpimaji aliyesajiliwa akayatafute mawe ya mipaka, na kwenda ofisi ya mipango miji kuona ramani inasema eneo lile ni la makazi, la barabara au la wazi. Sasa nijibu hili: barua ya toleo, ile ya serikali ya kumpa mtu kiwanja, au hati ina jina la nani?

Muuguzi_wa_Zamu
Pole sana, mzee wangu. Karatasi zipo, nimeziona kwa macho yangu. Muuzaji ni mtu ninayemfahamu vizuri, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa amekubali kushuhudia mauziano na kugonga muhuri.

Karani_Mstaafu
Umeulizwa jina, nawe umejibu kuhusu muhuri. Muhuri wa mtaa unaonesha kwamba watu fulani walikutana wakatia saini. Haumpi muuzaji umiliki asiokuwa nao. Kiwanja kilichopimwa kina kumbukumbu, kwa hiyo omba nakala ya karatasi hizo, uende ofisi ya ardhi uombe upekuzi rasmi, ulipe ada, nao watakueleza mmiliki ni nani, kama kuna zuio au rehani, na kama kodi ya pango la ardhi inadaiwa. Deni la pango ni rahisi kulimaliza, kwani linakatwa kwenye bei. Jina ndilo gumu.

Muuguzi_wa_Zamu
Sawa. Barua ya toleo ina jina la baba yake muuzaji, ambaye alifariki miaka minne iliyopita. Muuzaji ndiye mtoto mkubwa na ndiye anayesimamia mambo yote ya familia. Naomba msinihukumu: nimeshampa kianzio cha milioni 4 za akiba yangu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi wawili. Asingekuwa na mamlaka asingethubutu kupokea.

Mtani_wa_Wazaramo
Dada yangu, hapo hujanunua kiwanja, umenunua kesi yenye mwembe katikati. Nakutania kwa kuwa nakuonea huruma. Usiongeze hata shilingi.

Karani_Mstaafu
Kuwa mtoto mkubwa si cheo cha kisheria. Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na uthibitisho wake ni barua ya usimamizi kutoka mahakama hiyo, hata kama ni Mahakama ya Mwanzo. Familia hukaa kikao, huandika muhtasari wa kumpendekeza msimamizi, maombi hupelekwa mahakamani, tangazo hutolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, ndipo uteuzi hufanyika. Kama mjane yupo na anaishi kwenye kiwanja hicho, jambo linakuwa zito zaidi. Bila barua hiyo huwezi kuhamisha jina, na mrithi yeyote anaweza kukufuata mahakamani baada ya wewe kujenga.

Ummu_Salma
Mdogo wangu, mimi nasikitika zaidi kuona safari ya kwanza ya mali inaanzia kwenye mkopo wa riba. Mume wangu na mimi tulinunua kwa mchango wa miaka sita, tukala dagaa, leo tunalala bila deni. Rizki haikimbizwi.

Hesabu_Kwanza
Tuheshimu imani ya kila mtu, lakini tusimwachie hatari iliyo mbele yake. Ijumaa si mbali.

Jicho_la_Mwewe
Mimi siamini simulizi hii. Mwanzo tuliambiwa kiwanja kimepimwa na swali ni choo tu. Kisha muuzaji akawa mtu anayefahamika vizuri bila kusemwa ni nani. Kisha marehemu, kisha kianzio. Muuguzi anayekopesheka milioni 20 hakosi wa kumwambia kwamba mtu hauzi mali ya marehemu baba yake kama auzaye kuku. Au ni dalali anayetafuta wateja wa Chanika kwa kutaja bei za jirani, au ni mtu anayetunga kisa ili tuendelee kuandika. Kama nimekosea, atueleze huyo muuzaji ni nani kwake.

Fundi_Msingi
Na mimi nilianza kushangaa. Mnunuzi wa kweli angekuwa ameshauliza ndugu wengine wa marehemu wako wapi.

Mzee_wa_Kimara
Vijana, hata mimi mwaka ule ningeonekana mtunzi. Aibu ndiyo humfanya mtu atoe habari kwa vipande. Binti, usiondoke.

Muuguzi_wa_Zamu
Sijatunga. Nilikuwa zamu ya usiku, nimesoma haya yote asubuhi hii nikiwa kwenye daladala. Muuzaji ni kaka mkubwa wa mchumba wangu. Barua ya posa imeshatolewa, na ndoa ni Desemba. Shemeji alinifuata mwenyewe akaniambia ananipa bei ya nyumbani kabla mtu wa nje hajakichukua, na kwamba nisimwambie mdogo wake hadi karatasi ziwe tayari, ili iwe zawadi ya ndoa. Nilipenda wazo hilo. Niliona nikimdai karatasi za mahakama nitaonekana mwanamke anayeingia kwenye ukoo kwa kuhesabu mali yao. Ndiyo maana niliuliza kuhusu choo.

Karani_Mstaafu
Mchumba wako naye ni mtoto wa marehemu, kwa hiyo naye ni mrithi wa kiwanja hicho. Unauziwa sehemu ya urithi wake bila yeye kujua, na aliyekuambia usimwambie ni yule anayepokea fedha.

Jicho_la_Mwewe
Dada, naomba radhi kwa maneno yangu. Andikia Saccos leo kwamba unaomba fedha zisitolewe kwanza. Kabla hazijaingia ni rahisi kusitisha.

Muuguzi_wa_Zamu
Barua ya Saccos nimeipeleka saa nne, na wamepokea. Mchumba wangu nimempigia mchana. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama ni kile chenye minazi miwili na kaburi la bibi. Mimi nilipelekwa kule jioni, nikaona minazi. Kaburi sikuoneshwa. Jumapili kuna kikao kwa mama yake, nami nimetakiwa niende na ile karatasi ya kianzio.