Natoka Prado naingia pikapu ya kwanza: Hilux, D-Max, L200 au Ranger?

NjombeKijani
Wakuu habari za kazi. Naomba mawazo ya watu waliokaa na hizi gari. Nina Prado 120 ya petroli 2.7, nimeishi nayo miaka na sina ugomvi nayo hata kidogo, ila shamba limekua. Parachichi za hass zimeanza kutoa na sasa kila wiki kuna kitu cha kubeba, leo mbolea, kesho samadi, keshokutwa kreti za matunda kupeleka pa kukusanyia, na yote hayo naingiza mlango wa nyuma wa gari ambayo asubuhi wanangu wanapandia kwenda shule. Harufu ya samadi haitoki hata uoshe vipi. Nimechoka.

Gari nyumbani ni moja, kwa hiyo lazima iwe dabo kebini, watu watano wakae, na niweze kumpeleka mama mzazi hospitali Iringa bila kumuumiza mgongo. Barabara ni lami mpaka senta halafu udongo mwekundu wa milimani, na mvua za huku mnazijua, zikianza Novemba mpaka Aprili ni tope tu. Naangalia Hilux (Vigo za mwisho au Revo za mwanzo), Isuzu D-Max, L200 na Ranger, zote mtumba. Nikiuza Prado naongezea kidogo. Mngekuwa mimi mngechukua ipi na kwa nini?

fundi_Uyole
Mkuu kabla ya jina la gari ujue kwanza unatoka kwenye gari ya namna gani, wengi wanaoacha Prado hawaambiwi hili. Prado yako matairi manne yanavuta muda wote na katikati kuna difu inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma, ndio maana ukikata kona kwenye lami yenye mvua gari inashika tu wewe hujui hata nini kimefanyika. Hilux, D-Max na Ranger nyingi zinavuta nyuma, mbele unaunganisha mwenyewe, na ukishaunganisha ile difu ya katikati haipo, propela ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawa. Kwenye tope ni safi sana maana tairi linateleza kidogo mambo yanajisawazisha. Kwenye lami kavu ukikata kona ukiwa kwenye 4H (umeunganisha tairi zote nne) mitambo inabanana, usukani unakuwa mzito, gari inagoma kama imeshikwa breki, tairi zinalika na ukifanya mazoea unaua gia boksi ndogo. Kwa hiyo 4H ni ya tope, changarawe na utelezi, ukirudi lami kavu unatoa.

L200 ndio tofauti kwenye orodha yako. Zile zenye Super Select zina difu ya katikati, unaweza kutembea na 4H mpaka kwenye lami. Lakini sio L200 zote, angalia kitufe au mkono wa gia: ukikuta 2H, 4H, 4HLc na 4LLc hiyo ndio yenyewe, ukikuta 2H, 4H na 4L tu basi ni sawa na hao wengine.

NjombeKijani
Fundi hili sikulijua kabisa asante sana. Kwa hiyo asubuhi ya mvua kwenye lami na watoto ndani, pikapu ni hatari kuliko Prado?

fundi_Uyole
Ikiwa tupu ndio kwenye shida. Injini na gia boksi viko mbele, nyuma kuna bodi tupu, na tairi za nyuma ndizo zinazovuta. Mteremko wenye kona na mvua, ukikanyaga mafuta vibaya mkia unakuja pembeni. Chagua iliyo na kidhibiti cha utelezi cha kiwandani, kwenye matoleo mapya ni rahisi kuikuta, za zamani lazima uulize. Na weka mzigo kidogo nyuma msimu wa mvua, viroba vya mchanga viwili vitatu juu ya ekseli, ila UVIFUNGE, kiroba kisichofungwa ukipiga breki ya ghafla kinakuja na nguvu zake zote kwenye kioo cha nyuma.

ShambaniMbozi
Kaka mimi ni mkulima kama wewe, kahawa na parachichi, nilitoka kwenye gari ya familia kuingia pikapu na siwezi kurudi tena, ila nikwambie ukweli kuhusu mgongo wa mama. Nyuma ya Prado kuna springi za koili, nyuma ya pikapu ni vile vyuma bapa vilivyolaliana, vimetengenezwa vibebe kama tani moja. Ukiwa na mzigo nusu tani gari inatulia vizuri sana mpaka unashangaa, ukiwa tupu inarukaruka. Na kiti cha nyuma cha dabo kebini mgongo wake umesimama wima kuliko wa Prado, safari ndefu mtu mzima analalamika. Mama akae mbele, watoto nyuma.

Sasa linalokuhusu zaidi, na hapa watu wa magari hawatakwambia kwa sababu hawabebi matunda. Hass likigongwa huoni kitu siku hiyo, ganda bado la kijani, gumu. Likishaiva ndio unakuta nyama ina madoa meusi ndani na mnunuzi anakata bei. Kreti sita nyuma ya pikapu kwenye rafu rodi zinachezeshwa kuliko ulivyokuwa unabeba kwenye Prado, kwa sababu springi hazijashuka hata kidogo. Nachofanya mimi ni hivi, napunguza upepo tairi za nyuma nikiwa na mzigo mwepesi (kwenye fremu ya mlango wa dereva kuna kibandiko kinasema presha ya gari tupu na ya gari iliyojaa, wengi wanajaza ya mzigo mwaka mzima), natandika godoro jembamba chini ya kreti, napanga kreti karibu na kebini sio mkiani, na nafunga mkanda juu zisicheze. Na turubai lazima, jua la saa nane juu ya tunda lililochumwa linaharibu kila kitu ulichofanya mwaka mzima.

Dada wa Makambako
Mimi naomba nipinge wote kidogo. Kwa nini auze Prado? Tela. Tela la ekseli moja linachomelewa hapa hapa, samadi inakaa huko nyuma mbali na watoto, wikiendi unalifungua gari inarudi kuwa ya familia, mama anapanda koili zake. Pesa utakayotumia ni ndogo sana kulinganisha na kuuza gari unayoijua na kununua gari ya mtu usiyemjua. Sisi nyumbani tumefanya hivyo na mahindi yote yanatoka shambani kwa tela.

ShambaniMbozi
Dada kwa shamba la tambarare nakuunga mkono mia kwa mia. Kwa milima ya Njombe na utelezi hapana. Tela la kienyeji halina breki zake, kwenye mteremko wa tope linasukuma gari, na ukikwama kilimani kurudi rivasi na tela kwenye njia nyembamba sitamani mtu apate.

Dada wa Makambako
Hilo la mteremko ni kweli. Basi kama njia yake ina mteremko mkali aache, au atumie tela kiangazi tu.

NjombeKijani
Ina mteremko mkali dada, na mwishoni kuna mto. Nimelifikiria sana hilo la tela, ila mavuno yangu makubwa yanaangukia kipindi mvua zinaisha na barabara bado imeharibika.

Wa Nakuru
Habari za huko ndugu zangu wa Tanzania. Mimi niko na D-Max 3.0 manuali, ile ya kabla ya hii mpya, na nabeba maziwa na lishe ya ng'ombe kila siku. Huku Kenya hizi gari ziko kila mahali kwa sababu zinaundwa hapa Nairobi, so spea si shida, na ile injini ya 4JJ1 ndio hiyo iko kwenye lori ndogo za Isuzu, fundi wa lori yeyote ataifungua akiwa amefunga macho. Inatumia taiming cheni, hakuna mambo ya belti. Haina raha za ndani kama Ranger, kelele iko, lakini ukiniuliza gari ya kazi nitakuambia hio. Sisi huku gari ya kuagiza ikipita miaka nane hairuhusiwi kuingia, nyinyi mnaruhusiwa za zamani, kwa hivyo mko na bahati ya kuchagua lakini pia mko na hatari ya kuuziwa chuma kimechoka.

BandariKuu
Mdau wa Nakuru kagusa pazuri. Tanzania unaweza kuingiza ya zamani ila ushuru wa uchakavu unakungoja, kwa hiyo kabla hujalipia chochote ingia kwenye mfumo wa TRA (mamlaka ya mapato) wa kukadiria kodi za magari ya mtumba, weka modeli na mwaka, uone jumla. Watu wanapenda bei ya gari wanasahau kodi.

Na lingine, mkuu umezoea Prado za Japani kwa hiyo utatafuta Hilux za Japani. Toyota waliacha kuuza Hilux Japani 2004, wakairudisha 2017 ikitokea Thailand. Maana yake ile Vigo haikuuzwa Japani kabisa, ukiona tangazo "Hilux 2012 ya Japani, imetumika Japani" uliza maswali magumu. Vigo nyingi za mtumba zenye usukani wa kulia asili yake ni Thailand, Uingereza au Australia. Sio vibaya, Thailand ndio kiwanda kikubwa cha pikapu za tani moja, Hilux, D-Max, L200 na Ranger zote zinatengenezwa huko, ila matumizi yao ni ya kazi kweli kweli, usitegemee gari iliyolelewa.

fundi_Uyole
Za Uingereza mnisikilize kwa makini. Kule baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu na chumvi inakula chesisi kutoka ndani. Bodi inang'aa, rangi safi, chini kumeoza. Nissan Navara D40, pikapu nyingine hizo, za huko zilijulikana mpaka kwa chesisi kukatika. Ukienda kuangalia gari ya Uingereza lala chini na nyundo ndogo na tochi, gonga chesisi hasa pale kebini inapoishia na bodi kuanza, na pale springi za nyuma zinaposhikia. Mlio uwe wa chuma. Ukisikia mlio mfu, au umekuta lami nyeusi mbichi imepakwa juu juu, ondoka.

Halafu dizeli mpya zina chujio la moshi kwenye egzosti, DPF. Linataka safari ndefu ya mwendo mzuri ili lijichome lijisafishe. Mtu wa kwenda shule kilomita tatu, sokoni, nyumbani, linaziba. Wewe una safari za Iringa kwa hiyo sio mbaya sana, ila ujue.

Mtu wa Ranger
Naona Ranger imewekwa kando tu. 3.2 ya silinda tano ina nguvu ambayo Vigo haiioni, imekadiriwa kupita maji ya sentimita 80 toka kiwandani, na kwa mama na watoto ndio tulivu zaidi ya zote hizo mlizotaja, kwenye lami unasahau ni pikapu. Spea: Mazda BT-50 za 2011 mpaka 2020 ni gari ile ile chini, kwa hiyo vitu vingi vinaingiliana. Mwenye mto njiani afikirie.

fundi_Uyole
Sikatai ni gari nzuri na tulivu. Ila ina umeme mwingi, inataka fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta yake na spea nyingi zinatoka Dar. Mtu wa Dar au Arusha nitamwambia chukua. Mtu wa Njombe ambaye gari ni moja na mavuno hayasubiri, gari ikikaa gereji wiki inangoja kifaa, hiyo hasara hawezi kuimudu.

NjombeKijani
Wakuu nimekaa nikasoma yote. Ranger naiacha kwa sababu ya spea, sio kwa ubaya. L200 yenye Super Select inanivutia kwa ajili ya lami ya mvua ila huku sizioni nyingi na sijui fundi wake. Nimebaki na D-Max 3.0 na Vigo. Kwenye Vigo nichukue dizeli 3.0 au petroli 2.7? Nimeambiwa 2.7 ni injini ya Prado yangu.

fundi_Uyole
Ndiyo, ni 2TR ile ile, unaijua tabia yake na mafundi wote wanaijua, haina tabo wala injekta za bei mbaya. Lakini ukipakia tani moja kwenye mlima ule itakunywa na itapumua kwa shida. Dizeli 3.0, 1KD, inavuta vizuri, ila inatumia belti ya taiming ya kubadilisha kila kilomita 150,000 na injekta zake zikichoka usizipuuze, kelele ya kugonga ikianza asubuhi peleka gari siku hiyo hiyo, injekta inayovujisha inatoboa pistoni. Ukipata D-Max yenye historia ya sevisi usihangaike na Vigo isiyo na historia kwa sababu tu ya jina.

BandariKuu
Kwenye bima useme ukweli kwamba unabeba mazao yako, usiandikishe kama gari ya kutembelea tu, siku ya ajali wanaangalia kilichokuwa nyuma. Ukianza kubeba mizigo ya majirani kwa hela uliza LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) kwanza kuhusu leseni.

ShambaniMbozi
Kabla hujalipa pima na nyumbani. Prado haifiki mita tano, dabo kebini inapita mita 5.2 na umbali kati ya tairi za mbele na nyuma ni mkubwa zaidi, kona uliyokuwa unakata mara moja pale getini utaikata mara mbili. Na bodi yake ni mita moja na nusu tu, mabati ya futi kumi yatatoka nje. Nenda na kreti zako na utepe wa kupimia, zipange kwenye bodi ya gari unayotaka kununua uone zinaingia ngapi chini bila kupandishana.

NjombeKijani
Kreti nachukua kesho. Kuna D-Max manuali iko Mafinga, fundi ukiwa na nafasi Jumamosi naomba tuonane huko uje na nyundo yako, nauli na siku yako nalipa.

fundi_Uyole
Jumamosi nipo. Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hatujafika, nataka kuisikia injini ikiwa ya baridi.