Nikiwasha staili (ngoma, besi na kordi zinazojipiga zenyewe) kwenye kinanda, besi inachelewa na ngoma haimsubiri mwimbishaji. Mnafanyaje?

Kidole Gumba:
Habari zenu wakuu. Nilijifunza kinanda bila staili: kushoto besi, kulia kordi, mguu unahesabu. Miezi minne sasa nasindikiza kwaya peke yangu, hakuna mpiga ngoma wala gita, ndiyo maana nikaanza kutumia staili. Zikikaa sawa zinapendeza sana. Tatizo hazikai.

Nikitoka C kwenda F, besi inapiga kamlio kafupi ka C kwanza, ndipo inahamia F. Kordi za maina (minor) nazo hazitoki. Nilijifunzia Casio, kwa kidole kimoja: A pamoja na ufunguo wowote wa kulia kwake, unapata Am. Sasa natumia Yamaha, nikifanya vilevile siipati. Halafu kuna wimbo ambao sauti inashuka sana kwenye kiitikio, na hapo kordi inabadilika yenyewe wakati mkono wa kushoto sijausogeza hata kidogo.

La mwisho ndilo linaloniuma. Mwimbishaji wetu hupenda kushikilia neno la mwisho la ubeti, anawatazama waimbaji, ndipo anaendelea. Zamani nilikuwa namsubiri. Jumamosi mazoezini alinyanyua mkono, sauti zote zikasimama kwenye neno moja, ngoma ya kinanda ikaendelea kupiga chini yao. Alinigeukia tu, hakusema kitu, lakini wimbo ulikuwa umeshaharibika. Je, kuna namna ya kuifanya staili isubiri, au nirudi kupiga bila staili?

Besi ya Kushoto:
Kordi kubadilika yenyewe ni suala la mpaka wa mikono, yaani ufunguo unaotenganisha upande wa kordi na upande wa mkono wa kulia. Yamaha nyingi za kujifunzia hutoka kiwandani mpaka ukiwa kwenye F# iliyo chini ya C ya kati. Mkono wa kulia ukishuka hadi F, kinanda hakijui ni kidole cha mkono gani, kinaihesabu kwenye kordi. Ingia kwenye menyu, tafuta Split Point, uushushe.

Kuhusu maina, Yamaha inakwenda kushoto. A na ufunguo mweusi wa karibu upande wa kushoto, yaani G#, ni Am. A na mweupe wa karibu, G, ni A7. Ukishika vyote vitatu ni Am7. Lakini kordi unazijua, kwa nini ujibane na kidole kimoja? Shika noti zote tatu.

Mzee wa Staili:
Ndugu yangu, usiizime bado. Nimesindikiza kwa staili miaka kumi na miwili, na hako kamlio nimekafahamu vizuri. Staili ni vipande vifupi vilivyorekodiwa kwenye kordi moja, na kinanda kinavihamisha kila unaposhika kordi mpya. Pigo la kwanza likipita bado umeshika C, besi itapiga C, halafu itakuona umefika F ikufuate. Kwa hiyo F iwahi kidogo kabla ya pigo la kwanza. Kidogo tu, kwani ukiwahi mno, mkia wa kipimo kilichopita (yale mapigo manne ya nyuma) nao unageuka F. Shusha tempo hadi mapigo 60 kwa dakika, hesabu kwa sauti, na ukishatamka "nne" mkono uwe umeanza kuhama.

Tena usirukeruke. C ishike C-E-G, F ishike C-F-A. Kidole cha C hakitoki, viwili vingine vinapanda. Besi itapiga F yenyewe, maana kinanda kinaitambua kordi hata ikiwa imegeuzwa. Isipokuwa kwenye menyu umechagua kordi zisomwe kwa Fingered On Bass: huko noti ya chini ndiyo besi, na F yako itakaa juu ya C.

Sasa mwimbishaji. Angalia kama una SYNC STOP. Ukiiwasha, staili inapiga muda ule tu mkono wa kushoto umeshika kordi. Ukiachia, kimya. Ukishika tena, inaanza upya. Kwenye lile neno la mwisho, kushoto achia, kulia baki na kordi ya ogani chini ya sauti zao, macho kwake. Mkono wake ukishuka na wako ushuke. Lakini ukiwa na SYNC STOP, ukinyanyua vidole vyote katikati ya ubeti muziki unakatika, na hapo ndipo kile kidole kinachobaki kwenye C kitakuokoa.

Vinanda vidogo vingi havina kitufe hicho. Basi bonyeza START/STOP kwenye neno la mwisho, na wakati bado wameshikilia, bonyeza SYNC START; kordi yako inayofuata ndiyo itakayoamsha ngoma.

Sauti ya Tatu:
Naongeza moja. Zima ACMP (kitufe cha besi na kordi za staili), ubaki na ngoma peke yake. Mkono wa kushoto unarudi kupiga besi yako kama ulivyozoea. Nyimbo zenye kordi nyingi za kupita mimi sizipigi vingine, kwa sababu besi ya staili inazikanyaga zile hatua ndogo ambazo mtunzi alizikusudia. Na ushushe sauti ya staili. Waimbaji wasikie kordi kwanza, ngoma baadaye.

Kidole Gumba:
Asanteni sana. SYNC STOP ipo, nilikuwa sijawahi kuigusa. Jana nimekaa saa nzima na C na F peke yake kwenye 60, na kamlio kameisha. Kwenye 84 kanarudi mara moja moja. Kutoka G kwenda C nimeacha kidole cha G kibaki, pia inakubali. Ule mpaka wa mikono nimeushusha hadi C iliyo chini ya ile F#, kiitikio kimetulia, ila sasa kushoto nimebanwa kwenye funguo chache.

Swali moja tu, Mzee: nikiachia kushoto kwenye lile neno, ngoma inakata ghafla mno, kama umeme umezimika. Unailainishaje?

Mzee wa Staili:
Usiachie kwenye neno lenyewe. Achia kwenye pigo la mwisho kabla yake, na ogani iwe imeshaingia. Watakuwa wanaisikia ogani ngoma inapoondoka. Mkiwa mwisho kabisa wa wimbo, tumia kitufe cha ENDING, na ikiwa inaendelea kupiga ibonyeze tena: kwenye Yamaha inapunguza mwendo polepole hadi isimame.

Kidole Gumba:
Najaribu kesho mazoezini na mwimbishaji mwenyewe. Nitarudi kuwaambia.