Mashua ya tanga ya futi 36 inauzwa Kilindini: nianzie wapi kuikagua?

mwana_likoni
Asalaam aleikum wanabahari. Kuna mashua ya tanga ya futi 36 imefungwa boya Kilindini, mwenyewe ni mgeni anayerudi kwao Uingereza, ataka dola 32,000. Ni ya faiba, imeundwa 1984, mlingoti mmoja, mkuku wazama mita 1.7. Injini ni Yanmar 3GM30F. Vifaa alivyoniorodheshea: mashine ya kutoa chumvi kwenye maji, sola mbili za wati 100, betri nne, usukani wa kujiendesha, redio ya VHF, EPIRB (chombo cha kuita msaada kwa setilaiti), rafti ya watu 6, tanga kubwa moja na ya mbele mawili, nanga ya kilo 20 na mnyororo mita 40 wa milimita 10, boti la mpira na mashine yake. Nyaya za mlingoti asema "ziko sawa". Nataka kwenda nayo Pemba na Lamu. Nikague nini kwanza, na hivi vifaa vina uzito gani kwenye bei?

fundi_mlingoti
Wa aleikum salaam. Yakhe, iweke hiyo orodha kando. Sola na redio zanunulika moja moja kila upatapo pesa. Mlingoti ukianguka nje ya mwamba, huna pa kununua mwengine.

"Ziko sawa" si jibu. Muulize zilibadilishwa mwaka gani, na uone risiti. Nyaya za stenlesi zikipita miaka 10 kwa jua na chumvi ya kwetu, zihesabu kuwa za kubadilisha hata kama zang'aa. Kisha shika kitambaa cha pamba, uzungushe kwenye waya na ukipitishe polepole kutoka chini kwenda juu. Uzi uliokatika utakinasa. Usipitishe kiganja kitupu, uzi mmoja wachana nyama. Tazama sana pale waya uingiapo kwenye kikombe chake cha chini, kwa sababu maji ya chumvi hutiririka na kutuama hapo. Ukiona mstari mwembamba wa kutu umesimama wima kwenye kikombe, huo ni ufa.

Baadaye shuka ndani, utafute bati zinazozishikilia hizo nyaya. Hapa ndipo mashua za miaka hiyo hufia. Stenlesi hujilinda ikipata hewa. Ikibanwa kwenye tundu la sitaha, na maji yamekaa hapo bila hewa, huliwa ndani kwa ndani na juu pabaki pazuri. Omba bati moja ing'olewe, ile iliyo na doa la maji kwenye mbao chini yake. Isafishe, upulize rangi nyekundu ya kupenyeza, ngoja dakika 15, uifute mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha upulize ile dawa nyeupe. Kama kuna ufa, utajichora wenyewe mwekundu juu ya weupe, mwembamba kama unywele. Mwenyewe akikataa bati isitolewe, hesabu bati zote na nyaya zote mpya, uzitoe kwenye bei. Sioni njia nyengine ya haki.

Matanga: kitambaa huwa kizima na uzi umekwisha kuungua na jua. Kwaruza mshono kwa ukucha kwenye ukingo wa nyuma wa tanga la mbele, ule unaobaki nje likikunjwa. Ukikatika, kushonwa upya kwatosha. Kitambaa kikichanika kwa vidole, hilo tanga ni turubai.

Sitaha igonge kwa mpini wa bisibisi kila shibiri, hasa kuzunguka mguu wa mlingoti. Pazima palia tak, palipooza palia dub.

dizeli_safi
Naongeza ya injini. Mwambie asiiwashe kabla hujafika, na ukifika uiguse. Ikiwa na joto, jua kuna alichokuwa akikificha, rudi siku nyengine. 3GM30F ni mashine nzuri, silinda tatu, nguvu za farasi 27, na hiyo F maana yake yapozwa na maji baridi yanayozunguka ndani, si maji ya bahari moja kwa moja. Kwa mashua ya 1984 hiyo ni heri kubwa.

Iwashe baridi, tazama nyuma. Moshi wa buluu usiokwisha ni oili inaungua. Mvuke mweupe na maji machache ni impela (gurudumu dogo la pampu ya maji ya kupozea) imekufa, au njia ya maji imeziba. Moshi mweusi ukiongeza kasi ni mzigo: tumbo chafu, propela isiyofaa, au elbo ya ekzosi, ile kona ya bomba la moshi. Hiyo elbo ndiyo ugonjwa wa hizi Yanmar. Masizi na chumvi huganda ndani mpaka tundu labaki la kupita penseli, injini yakosa pumzi na kupata joto. Ifungue, utie kidole. Halafu ikimbize baharini kwa kasi yote dakika 20, ifike mizunguko 3,400 au zaidi. Isipofika, usikubali jibu la "ni mzee tu".

Tangi la dizeli: vuta kikombe kimoja kutoka chini kabisa. Ukiona maji au uteute mweusi, tangi lataka kufunguliwa na kuoshwa, kwani mawimbi ya kusi yatautibua wote uingie kwenye filta, na injini itazima mlangoni mwa bandari.

Mashine ya kutoa chumvi usiilipie hata senti mpaka utoe maji uonje. Ikikaa miezi bila dawa ya kuhifadhi, utando wake hufa. Na ukiisuuza kwa maji ya mfereji yenye klorini bila filta ya mkaa, pia hufa.

mwana_bandari
Karatasi. Kama imeandikishwa Uingereza, kuna daftari mbili: ile ya Part 1 yathibitisha mwenye mali, ile ya mashua ndogo, SSR, haithibitishi. Taka hati za mauzo za nyuma zote, na cheti cha kufutwa kwenye daftari lao. La pili, mashua ya mgeni iliyoingia kwa ruhusa ya muda haijalipiwa ushuru. Ukiinunua wewe mkaazi, ushuru waamka, na VAT ya 16% juu yake. Mpe wakala wa forodha namba 8903, ndiyo namba ya ushuru ya mashua za starehe, akukokotolee kabla hujatoa arubuni. Kisha ukaguzi na leseni Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA.

mwana_likoni
Ahsanteni sana. Bati moja amekubali itolewe. Nitaonaje tumbo bila gharama ya kuipandisha?

bamvua
Ndugu yangu, bahari yetu yakupandishia bure. Maji ya bamvua hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwa bahati kupwa kwake huangukia mchana, saa nne mpaka saa tano. Tafuta mchanga mgumu usio na jiwe, unaofunuka mita 1.5 juu ya sifuri ya jedwali la maji, yaani kimo ambacho jedwali laanzia kuhesabu maji. Maji yakijaa mita 3.5 utakuwa na mita 2 hapo, yatosha kuelea. Yakipwa, mchanga wabaki wazi kwa muda wa saa tano hivi. Mkuku wako si mrefu wa kulalia, kwa hivyo ifunge kwenye ukuta au uiwekee miguu ya mbao pande zote mbili.

Usiipandishe siku ya kilele cha bamvua. Ipandishe siku moja au mbili kabla, maji yakiwa bado yaongezeka. Ukichelewa na yakaanza kupungua, itakaa hapo mpaka bamvua lijalo, wiki mbili.

Ikikauka, tazama maungio ya mkuku na tumbo, kama pana ufa unaotoa maji yenye kutu. Tikisa usukani, kisha shafti ya propela: ikicheza zaidi ya milimita moja, bushi imekwisha. Usukani ukidondosha maji saa nzima baada ya kukauka, chuma cha ndani kimeanza kuliwa. Malengelenge madogo yenye harufu ya siki yakitobolewa hayaui mashua, ila yapunguza bei. Kwangua kila valvu ya chini, zile za kupitishia maji tumboni mwa mashua: bronzi ni rangi ya asali, shaba ya manjano iliyooza huwa ya waridi. Ya waridi badilisha kabla haijarudi majini.

Na mnyororo wako wa mita 40 hautoshi. Ukitia nanga kwenye mita 6 maji yamepwa, yakijaa ni karibu mita 10, na omo, pua ya mashua, iko mita 1 juu ya maji: jumla 11. Mnyororo wataka mara tano ya hapo, ni mita 55. Nunua 60.

fundi_mlingoti
Hapo kweli. EPIRB na rafti soma tarehe zilizoandikwa juu yake. EPIRB iandikishwe upya kwa jina lako na bendera yako mpya, maana ikilia, wanaotafuta watampigia simu yule mgeni Uingereza.