Barua ya alama za vidole imeangukia siku ya mnara

Hamjambo wote. Barua ya uhamiaji ya kumwita baba kupigwa alama za vidole (I-485, ombi lake la green card; I-130, ya kumdhamini kama mzazi, nilijaza mimi) imefika jana. Wametupangia ofisi ya jimbo jirani, mwendo wa saa nne kwa gari, eti wametumia anwani ya zamani, na AR-11, fomu ya kubadilisha anwani, nilituma Februari! Tena ni Jumamosi ileile mnara wa maji wa Highland Park hapa St. Paul, Minnesota, unapofunguliwa watu wapande. Baba alikuwa fundi bomba wa manispaa. Mpaka leo hugonga bomba la sinki langu kwa kijiko asikilize presha. Nikiomba tarehe nyingine, watahesabu tumeitupa kesi? Nimepiga simu, muziki dakika 50, ikakatika.
Mama Brian

Pole dada. Mimi na I-90 yangu, ya kupata kadi mpya ya green card, nilienda siku moja kabla ya tarehe niliyopangiwa, mlinzi akanirudisha mlangoni na theluji ile. Lakini mnara huo si hufunguliwa mara moja tu kwa mwaka?
Baba Neema

Baba Neema, soma kabla ya kujibu. Unaousema wewe ni ule wa Prospect Park, Minneapolis, wa 1913, wenye paa kama kofia ya mchawi. Wa Highland ni wa 1928, hufunguliwa kiangazi na tena Oktoba. Aliuchora Clarence Wigington, mtu mweusi wa kwanza Marekani kuwa msanifu majengo wa manispaa. Vidato 151, lifti hamna. Magoti ya mzee yakoje?
Jirani wa Snelling

Mtu mweusi 1928! Kwetu Nyamira tanki lilizinduliwa kwa ngoma na picha ya mheshimiwa, halijaona tone. Mama bado anabeba mtungi, na mwakani watakuja tena kuomba kura.
Mkisii wa Brooklyn Park

Siasa peleka WhatsApp. Nilipanda Oktoba: majani mekundu kote, St. Paul huku, Minneapolis kule. Nilimpigia mamangu nimwonyeshe, mtandao wa kwao ukagoma. Nilishuka nikilia kama mtoto.
Shangazi wa Burnsville

Magoti yake mazima kuliko yangu. Jamani, tarehe?
Mama Brian

Uliza wakili. Pakingi iko upande gani pale?
Baba Neema