Podikasti na wakulima wa mwani: nani anaediti?

mwani_paje: Habari zenu wadau. Niko mastazi, utafiti wangu ni wa akinamama wanaolima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar. Sitaki kwenda na dodoso halafu nipotee na majibu yao, maana wameshaniambia wazi kila mwaka wanakuja watu kuuliza bei na hawarudi. Nawaza tufanye podikasti, waulizane wenyewe mie nirekodi tu. Msimamizi anauliza hiyo data au redio? Na fomu ya ridhaa inasema majina yatafichwa, sasa sauti utaifichaje kijiji ambacho wote wanajuana?

mwalimu_mstaafu: Mwanangu, jambo hili lina mizizi hapahapa kwetu. Miaka ya 70 kina Marja-Liisa Swantz, mtafiti kutoka Finland, na mradi wa utafiti wa Jipemoyo kule Bagamoyo walitafiti pamoja na wanakijiji, mwambie msimamizi wako. Na 1973 kampeni ya Mtu ni Afya watu kama milioni 2 walikaa vikundi wakasikiliza redio, wakajadiliana, wakachimba vyoo. Ila kipindi kiliandaliwa Dar, kijijini wakapokea. Hapo ndo wewe ubadilishe.

kinasa: "Mie nirekodi tu" hapo ndo pana shida dada, anayeediti ndo mwenye kipindi. Mie nilifanya na wavuvi, nikakata dakika kama kumi za ugomvi wa deni la tajiri anayenunua samaki nikiona wametoka nje ya mada, tulivyokaa kusikiliza mzee mmoja akaniambia mwanangu umetoa yale tuliyokuja kusema. Niliumia sana. Tangu siku ile tunasikiliza wote ikiwa mbichi, mtu akisema toa hapo natoa. Kuhusu majina usiahidi usichokiweza, fomu iandike upya kila mtu achague ajitaje au asirekodiwe kabisa. Halafu usiwaite siku za bamvua, maji yanakupwa sana na wako shambani kwenye mwani, subiri maji mafu, yasipokupwa sana. Na wasikilize kwa WhatsApp, mambo ya kufungua programu ya podikasti yanamaliza bando.

mwani_paje: Asanteni sana jamani, fomu naibadilisha leo. Na mtu akighairi baada ya kusambaa?

kinasa: Ikishaingia kwenye magrupu hairudi, waambie hilo kabla hujawasha kinasa sauti. Sie tunakaa nayo wiki 2 ndo tunaisambaza. Bibi mmoja alighairi siku ya kumi na mbili, tukaifuta.